Kitambaa cha Fundi

Kabla ya kugusa gari lolote, fundi hufuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akianzia gumba, kisha huinamia injini na kumlaani fundi aliyemtangulia. "Nani kakuchezea hivi, jamani?" huiuliza injini, kama anayembembeleza mtoto. Wiki iliyopita, alipomletea gari linalovuja maji, mwalimu aliipenda sana sauti hiyo. Leo alisimama nyuma yake damu ikimchemka kuliko hiyo rejeta, maana gari lilizimika mlimani, mama yake mgonjwa akakaa juani saa mbili nzima na miadi ya hospitali ikampita. Fundi akafuta vidole, akainama, akasonya. Mpira wa maji ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitambaa cha maua.

"Huyu ni fundi au muuaji? Mwalimu, mtu huyu usimpelekee gari tena maishani!"

Mwalimu alimpokonya kitambaa cha kufutia vidole, akakitandaza kando ya mpira. Maua yale yale, na pale kilipochanwa pakaoana sawasawa. Fundi akaanza tena kufuta gumba, kitambaa hana.

"Nimekusikia," alisema mwalimu. "Nipe ufunguo wangu."