Bi Zuwena Hakuulizwa

Idi ile nnaikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyojiona mtu mkubwa. Nilikuwa kijana, nimerudi masomoni na suti mbili na maneno mengi, na wazee wamenikabidhi sanduku la ukoo. Unalijua sanduku letu: kila nyumba hutoa kitu kidogo kwa mwezi, ikitokea harusi au msiba hakuna anayefedheheka. Wazee walilianzisha walipofika Maskati kutoka Unguja, hawana kitu ila mabegi yao.

Mimi nikataka ukumbi. Ukumbi wa harusi hapa Azaiba, wenye marumaru na taa za kuning'inia, ili wapita njia waulize ni wa nani. Kwa ajili yake mchango ulibidi uzidi mara tatu. Basi Idi pili nikalitoa shauri langu kwenye majlisi ya baba yangu, mbele ya wanaume wa ukoo, halwa iko katikati na kahawa inazunguka. Nani atampinga mtoto wa mwenye nyumba, na kikombe cha mwenye nyumba kiko mkononi mwake? Wakatikisa vikombe kuonesha kahawa imewatosha, wakasema, "Kheri, inshallah." Nikaandika kuwa wote wamekubali.

Na wajane waliokuwa wakitoa mchango kwa majina yao wenyewe? Walikuwa chumba cha ndani na mama yangu. Ulikuwa mlango mmoja tu, mwanangu, na sikupiga hodi.

Mmoja wao alikuwa Bi Zuwena, binamu wa baba, akikaa kijiji cha wavuvi cha Yiti na binti yake Asila. Alikuwa akidarizi kofia kwa mkono, na akiuza moja hupeleka mchango kabla hajanunua mchele. Hakuwahi kuchelewa. Baada ya Idi ile akaleta nusu, kisha akaleta robo, kisha hakuleta. Nikampelekea barua ya kumkumbusha, imepigwa taipu, ina muhuri. Nnaona haya hata kukusimulia.

Hakujibu. Akaacha kuja harusini, akaacha kuja misibani. Tukasema amekuwa na makuu. Loo! Wenye makuu tulikuwa sisi.

Wiki tuliyoufungua ukumbi, Bi Zuwena akafariki, nasi hatukujua. Aliusia asiambiwe mtu yeyote wa sanduku. Wavuvi wa Yiti, majirani zake tu, ndio waliomzika na kulisha watu siku tatu. Mimi habari niliipata siku ya nne, kwa muuza samaki.

Nikaenda. Asila alinipokea kwa adabu, akanimiminia kahawa. Nikamwambia, "Dada Asila, mbona hamkutwambia? Sanduku ni lenu."

"Lilikuwa letu," akajibu. "Barua yako mama aliiweka chini ya mto mpaka siku ya mwisho. Akisema, 'Wangekuja kuniuliza ningewaambia siwezi, na wangejua hali yangu. Kwani mimi si mtu wa kuulizwa?'"

Nikalia mbele yake kama mtoto. Ukumbi upo mpaka leo, na kila nikialikwa harusi humo, huikumbuka barua ile.

Sasa wewe, Thuraya mwanangu, sanduku liko mkononi mwako, na jana umeniletea karatasi. Unataka kuongeza mchango, na unataka sahihi yangu ili asitokee wa kubisha. Wajukuu huniambia ziko nchi ambazo kodi haipandi mpaka raia wapige kura wakubali. Wao hucheka, husema nani atakubali abadan. Mambo ya serikali siyajui. La sanduku nnalijua: anayetoa ndiye awe na neno la mwisho, si mimi wala si wewe.

Usiwaulize kwenye grupu la simu, ambako kila mtu anaona nani kasema nini. Usiwaulize kwenye majlisi yangu na kahawa yangu. Nenda nyumba kwa nyumba, keti, waeleze mchango ni wa nini na wapi huenda unakosea kutaka kuuzidisha, kisha waachie kikaratasi kisicho na jina, waandike ndiyo au la. Wengi wakikataa, ikunje karatasi yako na usimnunie mtu. Wakikubali, na aliyekataa akapenda kujitaja, mwendee ukamsikilize.

Sahihi sikutia. Nyuma ya karatasi yako nimeandika majina ya wanawake wote wanaotoa wenyewe. La kwanza ni la Asila. Ni bibi sasa, na ilinichukua miaka kumwomba hata akarudi kwetu. Anzia kwake, na ukifika piga hodi.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na moyo wa kupokea kukataliwa, na akuepushe na mauti ya mtu uliyempita mlangoni. Amin, mwanangu.