Sauti Yake Haizidi Filamu

Mwenye duka la diski pale Kijenge hufuta kila DVD kwa kitambaa cha pamba, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila haraka. Filamu za zamani za Ulaya huziweka rafu ya chini. Mteja akitaka iliyotafsiriwa, yenye sauti ya mtu anayesimulia na kutania juu ya picha, hutikisa kichwa. “Hizi zina maandishi tu, kaka. Utasoma mwenyewe.”

Mama yangu alizipenda filamu hizo tangu aliposoma Ujerumani, lakini macho yake sasa huona vivuli tu. Niliporudisha diski tuliyoshindwa kuitazama, nikaeleza sababu, mwenye duka alifunga duka saa tisa mchana tukaenda nyumbani, Lemara. “Shikamoo, mama,” alisema, akaketi karibu na bega lake. Alimsomea yale maandishi ya Kiingereza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, bila kuongeza neno lake. Kisha mume na mke kwenye filamu wakanyamaza, naye akanyamaza. Ikapita dakika nzima.

“Umelala, mwanangu?” mama akauliza.

“Hapana, mama. Wanatazamana tu.”

“Nani ataangalia pembeni kwanza?”

Mwenye duka alipiga magoti mbele ya runinga. “Bado. Bado. Haya, mwanaume.”

“Nilijua! Mwoga mkubwa huyo!” Mama alipiga paja kwa kiganja. Tangu macho yafifie, sikuwa nimemsikia akigombana na filamu.