Zulia Lililolowa

Mutinda aliteremka Ukunda mwaka wa themanini na tisa, mikono mitupu. Fundi Menza alimpa pa kulala, akamfunza injini. Miaka tisa baadaye wote wawili walikuwa mafundi katika ua wa hoteli moja ya Diani, na Lewis, msimamizi wa magari, alitangaza kwamba atambakiza mmoja tu.

Mtihani ulikuwa gari la Lewis mwenyewe: gari la mbio la viti viwili, kuukuu, aliloachiwa na mtalii. Lilimaliza maji ya rejeta, wala tone halikuonekana chini. Menza alikwisha badilisha mipira ya maji, pampu na rejeta yenyewe. Bure.

Asubuhi ile Mutinda alipapasa chini ya dashibodi. Zulia lilikuwa limelowa, na unyevu ule ulinata vidoleni, wa kijani kama dawa ya rejeta. Akajua. Aliwahi kuwa utingo wa malori kule Limuru kwenye baridi. Alijua kuwa magari ya Ulaya huwa na rejeta nyingine ndogo, iliyofichwa ndani, ya kuwapasha abiria joto. Nani Pwani angeifikiria? Akajipangusa vidole, akarudi kwenye kazi yake.

Adhuhuri Lewis alirudi na gari linafuka mvuke.

"Mzee, fungua kifuniko cha rejeta nione maji yamekwenda wapi!"

"Lingoje lipoe, bwana."

"Waogopa mvuke? Basi nimwite mwanafunzi wako."

Menza akamgeukia Mutinda. "Mwanangu, waonaje?"

Neno moja lingetosha.

"Wewe ndiwe mwalimu," akajibu Mutinda.

Menza alifungua. Maji yalimrukia, ngozi ikabambuka tangu kiwiko hadi vidoleni.

Mutinda yeye alingoja injini ipoe. Akakata kipande cha mpira, akaunganisha njia mbili za maji ili yasipite tena kwenye rejeta ile ya ndani. Lewis akaliendesha gari hadi Msambweni na kurudi, maji hayakupungua.

"Ulijua lini?"

"Asubuhi."

Lewis akacheka sana. "Mtu kama wewe ndiye nimtakaye."

Wapo watakaomtetea Mutinda kwamba alikuwa na watoto. Menza naye alikuwa nao.

Siku ya tatu mzee alikuja kuchukua vyombo vyake, mkono umefungwa bendeji.

"Nishikie sanduku upande mmoja, mwanangu."

"Nina kazi," Mutinda akasema, akainamia injini.

Menza akaliburura kwa mkono mmoja hadi getini.