Grisi Kwenye Njia ya Gesi

Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye reli, na dini yake ya pili ilikuwa grisi. Chuma kisichopakwa, alisema, ni chuma yatima. Nilikua nikipaka kila kitu: bawaba, mnyororo wa baiskeli, hata kufuli la choo.

Karakana yetu hapa Lubumbashi huchonga vipuri vya pampu za migodini, na ina mashine ya kulainisha chuma kwa moto. Vipuri hufungiwa ndani, gesi na oksijeni huingia kwa kipimo, cheche hupiga mara moja, na ile miba midogo inayobaki baada ya kuchonga huungua. Kipuri hutoka laini hata kwenye matundu ambako tupa haifiki.

Mashine hiyo iliendeshwa na mama mmoja wa mtaa wa Katuba, mjane mwenye watoto watatu shuleni. Mimi nilikuwa fundi wa matengenezo. Mwezi mmoja vipuri vikaanza kutoka na miba yao. Akaongeza gesi, akaongeza muda wa kujaza, wapi! Shefu, mkuu wetu wa karakana, akasema mama hajui kazi, akampa hadi Ijumaa vitoke laini, la sivyo aondoke.

Jumanne, alipokwenda kula, nilifungua njia ya gesi. Kichujio kilikuwa kimeziba kwa grisi ya njano. Grisi yangu. Valvu ilikuwa ngumu kidogo, nami niliipaka kila asubuhi kama nilivyofunzwa, ikatambaa hadi ndani. Nashukuru Mungu sikugusa upande wa oksijeni, maana oksijeni na mafuta havipatani, tungezikwa wote. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na nguoni mwa mama yule nilikuwa mimi. Nilikirudisha kichujio vilevile kilivyoziba, nikafunga.

Niliogopa, basi. Sina maelezo mengine. Jumatano nilimkuta kwenye bomba la uani, analia huku akiosha mikono iliyokwisha kutakata. Nilisubiri zamu yangu ya maji.

Alhamisi nilishindwa kuvumilia. Nilimwita shefu na mama, nikafungua kichujio mbele yao wawili.

“Chef, ni miye njo nilipakaka graisse. Mama hana kosa.”

Nilikiosha, nikakikausha, mama akajaza gesi upya. Vipuri vilitoka laini kabisa. Shefu alininyang’anya funguo za mashine, akanirudisha kwenye meza ya tupa. Hakunionea.

Jioni mama alikuja mezani pangu.

“Papa, ulijua tangu siku gani?”

“Juzi.”

“Jana ulinikuta nalia.”

“Nilikukuta, mama.”

Hakupandisha sauti.

“Jana ile ile nilirudia ku nyumba, niliambia batoto: masomo iko inaisha.”

Nikaendelea kupiga tupa.