Mtani Niliyemcheka Akipima Masikio ya Watoto

Taarifa ya kifo chake ilinikuta kwa fundi viatu, sokoni Kashaulili, hapa Mpanda, nikiwa mguu mmoja peku. Fundi alikuwa anashona soli yangu huku anapiga soga, nami namsikiliza nusunusu, mpaka aliposema, "Mzee, yule nesi wa masikio wa pale hospitali ametutoka. Presha. Wanamzika kesho kwao Karema." Yeye akaendelea kuvuta uzi. "Alimpima mwanangu akiwa na siku tano tu. Mke wangu mwanzoni alimkatalia katakata, eti hata gazetini wameandika ni upuuzi. Lakini yule mama, Mungu amrehemu, alirudi mara tatu kumbembeleza." Fundi ananijua kwa viatu, hajui kwamba ndimi ninayeandika safu hii. Nami sikumwambia. Nilivaa kiatu changu, nikaaga, nikaondoka nikiona kila mtu sokoni ananitazama.

Nyie wasomaji wangu wa siku nyingi mnaikumbuka makala hiyo, maana wengi mlinipigia simu mkicheka. Niliandika juu ya Mfipa mmoja aliyeacha kutibu malaria, akawa anazunguka wodini na kimashine chake kuwatafutia uziwi watoto ambao hata macho hawajafungua vizuri. Mimi ni Mnyamwezi, yeye Mfipa, na kwetu Mnyamwezi na Mfipa ni watani. Nikiamka nikamwita mchawi, wajibu wake ni kunijibu kwamba mimi ni mwizi wa mihogo, kisha tukanywa chai. Kwa hiyo mlicheka bila wasiwasi. Lakini kuna jambo sikuwaambia siku ile, nami leo naona haya kuliandika. Makala ile haikuwa utani. Ilikuwa hasira, na nilikuwa nimeivika nguo za utani ili ipite mlangoni.

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya wakati wake. Akapata maambukizi kwenye damu, akalazwa siku nyingi katika wodi ya watoto wachanga, akichomwa sindano mpaka tukahurumia hata ngozi yake. Alipopona, nesi huyu alimpima. Alimwekea kizibo laini sikioni akiwa amelala. Kimashine kinatoa mlio mdogo, kisha kinangoja sikio lijibu. Masikio yote mawili hayakujibu. Alituambia taratibu, bila kututisha, kwamba huenda ni majimaji tu ya kuzaliwa, lakini kwa mtoto aliyezaliwa njiti, akaugua hivyo na kuchomwa dawa zile, hawezi kuacha ipite hivihivi. "Mrudisheni baada ya mwezi nimpime tena," alisema. Mke wa mwanangu akaitikia. Mimi nikasema moyoni, ng'o! Mtoto ametoka mdomoni mwa kifo, halafu mtu anataka kumtafutia kilema? Nilipofika nyumbani nikatangaza kwamba hakuna kurudi, na kwangu mimi nikishatangaza, imetoka.

Alipoona miezi inapita, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Kasokola. Alishuka kwenye bodaboda na vumbi lake lote, mfuko begani. Alikuta mke wa mwanangu anatwanga kisamvu na mtoto amelala kwenye mkeka, karibu na kinu. Kila mchi uliposhuka, mtoto alishtuka na kutupa mikono. Nikaona nimeshinda kesi. "Umeona, mtani? Hasikii huyo?" Yeye hakubishana. Akamwomba mama aache kutwanga, ampakate mtoto. Kisha akapita nyuma yao, akatoa kikombe cha bati na kijiko, akagonga. Mtoto alikuwa anachezea kifungo cha nguo ya mama yake, akaendelea kukichezea. Akagonga tena, kwa nguvu, kuku wakakimbia. Mtoto na kifungo chake. "Mtani," akaniambia, "pale kwenye mkeka alikuwa anahisi ardhi inatikisika. Sauti haimfikii. Nipeni tu nafasi nimpime tena, maana tukiwahi, tunaweza kumsaidia apate maneno."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotakiwa kunyamaza. Badala yake nikapaza sauti majirani wasikie: "Nyie Wafipa mmechoka kutafuta radi za uchawi, sasa mnatafuta viziwi!" Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, maana mtani hana ruhusa ya kununa. Mke wa mwanangu peke yake hakucheka. Nesi akapanda bodaboda, na wiki hiyohiyo nikakaa kuandika makala yangu.

Mtoto alitimiza mwaka, akatimiza miwili, neno hakuna. Tukasema hata mimi babu yake nilichelewa kusema. Alipofika minne, mwalimu wa chekechea akatuita, akatuambia jambo ambalo kila mtu nyumbani alikuwa analijua na kila mtu alikuwa ananiogopa. Tukapanda treni hadi Tabora, basi hadi Mwanza. Daktari alipomaliza vipimo vyake akauliza kama mtoto aliwahi kupimwa alipozaliwa. Mke wa mwanangu akatazama sakafu. "Alipimwa. Tuliambiwa turudi. Hatukurudi," akasema. Hatukurudi! Alikuwa na haki ya kuninyooshea kidole mbele ya daktari, akaamua kubeba nusu ya mzigo wangu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu ninamshika mkono kila asubuhi kumpeleka shule.

Tulirudi Mpanda na vifaa vya masikio, tukaelekezwa kwa nesi yuleyule kwa uangalizi. Nilijiandaa kwa matusi, na kwa kweli niliyataka. Alisema tu, "Karibuni, mtani, kaeni," akampakata mtoto, akaanza kumfundisha mama namna ya kumvalisha vile vifaa na kuzungumza naye uso kwa uso. Tulipoaga ndipo aliponiomba kitu. "Wewe una kalamu. Wapo wazazi wengi waliokimbia kipimo. Waandikie warudi." Nikasema nitaandika. Miaka miwili imepita. Nimewaandikia juu ya mbolea, juu ya mashimo ya barabarani, hata juu ya mbuzi wa jirani yangu. Hilo sikuliandika, kwa sababu nisingeweza kuliandika bila kujitaja.

Karema nilikwenda, na mjukuu wangu nilimchukua. Msibani watani ndio wenye kazi ya kuchangamsha watu, na waliponiona wakanipisha. "Mnyamwezi kafika! Msemee mtani wako!" Nikakaa benchini na mjukuu wangu. Kwaya ikaanza, ngoma zikalia, na mjukuu wangu akaweka viganja vyote viwili juu ya benchi, akaanza kutikisa kichwa kwa kufuata mapigo. Mama mmoja pembeni akafurahi. "Kumbe anasikia huyu! Si mlisema ni kiziwi?" Ningeweza kutabasamu tu, yakaisha. Nikasimama, nikasema kwa sauti ileile niliyoitumia Kasokola: "Hasikii, mama. Anahisi benchi linatikisika. Marehemu alinionyesha mwenyewe, nyumbani kwangu, nami nikamfukuza kwa kicheko." Hakuna aliyecheka. Mume wa marehemu akasogea kidogo kwenye mkeka wake ili nikae.

Kwa hiyo, mtani, naandika. Wewe mzazi ambaye mtoto wako alizaliwa njiti, au aliugua manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au alichomwa dawa nzito wodini, na wewe mtu mzima uliyetibiwa kwa sindano za muda mrefu kisha ukaanza kuwauliza watu "unasemaje?", kapimeni masikio. Ukiambiwa rudi, rudi. Usingoje ruhusa ya babu mwenye kiburi, na usimwamini mwandishi kwa sababu amekuchekesha. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita na maneno machache aliyoyapata kwa jasho: mama, maji, twende, kuku. Neno "babu" bado hajalisema, na sina haki ya kumdai.