A ya Pili

Miaka ile ya ruksa ya biashara, kila kibaraza cha mtaa wetu wa Levolosi kilipogeuka duka, mchora mabango wetu hakuchovya brashi kabla mwenye duka hajalitamka jina, naye akaliandika kwanza hewani kwa kidole chenye rangi isiyotoka. Herufi ikipinda mguu, alifuta neno zima kwa kitambaa cha mafuta ya taa, huku akiguna. Siku ya Mama Agnela, muuza ndizi, jina alilotamka lilisikika nusu kufana, nusu kufaana, fundi akasita.

"Mama, kufana ni kunoga. Kufaana ni kusaidiana. Tuandike lipi?"

"Yote nayataka, fundi," mama alicheka. "Ila andika kufaana. Mabati haya wamenichangia wenzangu wa sokoni."

Fundi akaandika, akaacha pengo katikati, kisha akamkabidhi brashi. "Hiyo A ya pili ni yao. Ichore wewe."

Mama hakuwahi kushika hata kalamu. A ikatoka imeegemea upande kama mlevi wa mbege. Nami niliyekuwa nikitazama kando, nikangoja atoe kile kitambaa. Fundi akavuka barabara, akaitazama kwa mbali, akarudi kufunga kopo lake la rangi. Miaka mingi baadaye, kila akipita pale, bado alipunguza mwendo aitazame ile A.