Mchumba Wangu Amekata Springi za Gari Langu ili Lipendeze Harusini

Admin, jina langu libaki kwako, maana nusu ya ukoo wa mchumba wangu wanafuatilia ukurasa huu. Na ukiona nimeandika kwa ukali usinipunguzie, niache hivyo hivyo.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili. Naishi Segerea na baba yangu mzazi, kazi yangu ni ya ofisini, maeneo ya Mwenge. Nimechumbiwa, mahari imeshapokelewa, vikao vya harusi vinaendelea. Nina gari, Mark X, nililolinunua mwenyewe kabla hata sijamjua huyu mwanaume. Ndiyo, napenda gari linaloitika ukikanyaga mafuta. Ila lilikuwa linayumba kwenye kona, nikataka kulishusha kidogo, bodi ikae chini zaidi kwa springi fupi. Kidogo, jamani. Shikeni hilo neno.

Gari langu si la maonyesho. Kila siku linakwenda kazini na kurudi, linapita njia yetu ya vumbi yenye matuta waliyoyajenga majirani wenyewe, linavuka na mtaro karibu na geti. Na linambeba baba. Baba alifanyiwa upasuaji wa nyonga, daktari akamkataza kabisa kukaa chini sana, magoti yasipande juu ya nyonga. Kwa hiyo springi sikuzichagua kwa picha za mtandaoni. Nilijaza mizigo kwenye buti, nikavuka mtaro polepole huku jirani amechutama anaangalia uvungu. Kati ya tairi na bodi vilipita vidole vinne, nikaamua nishushe kidole kimoja, basi. Nikapima kimo cha kiti cha gari kutoka chini, nikatoa hicho kidole, nikamtafutia baba stuli ya kimo hicho hicho pale sebuleni. Akakaa, akainuka mwenyewe bila kushikwa. Ndipo nikanunua springi za kushusha kiasi hicho, zinazoendana na shokapu zangu, na nikazikataa zile za chini zaidi ambazo muuzaji alikuwa ananisifia.

Nikalipeleka gari kwa fundi wa mtaani kwetu, springi mpya ziko kwenye boksi, nikamweleza kila kitu kwa kinywa changu, nikaenda kazini. Jioni nakuta gari limelala chini, hata kidole kimoja hakipiti. Boksi langu liko kwenye buti halijafunguliwa. Springi zilizokuwa kwenye gari zimekatwa kwa grinda.

"Fundi, nani kakwambia ukate?"

"Sista, usinimaindi. Gari ikiletwa na mwanamke, sie huwa tunampigiaga bwana wake kwanza, isije ikawa kesi baadaye. Nikampigia shemeji, akaja mwenyewe, akasema kata."

"Hukumwambia mimi nilitaka nini?"

"Nilimwambia. Akasema wewe unaendeshaga tu, maamuzi ni yake."

Someni tena hapo. Kadi ya gari ina jina langu! Fundi alikuwa na namba ya mchumba wangu kwa sababu siku moja tu alinisindikiza kubadilisha oili. Kwa fundi huyu, kusindikizwa siku moja kulitosha kumfanya huyo mwanaume awe ndiye mwenye gari.

Nikampigia mchumba. Akacheka.

"Sasa we unakasirika nini? Gari ya maharusi lazima ilale. Nishaiambia kamati msafara unaongozwa na gari yetu. Unataka nionekane mshamba mbele ya washkaji?"

"Na baba je?"

"Mzee si atapanda bajaji kwa muda? Kwani bajaji ina nini?"

Kesho yake baba alikuwa na mazoezi ya viungo hospitali; nikaogopa bajaji itamrusha, nikampakia kwenye gari hivyo hivyo. Alijishusha kitini kama alivyozoea, kiti hakikuwa pale alipokitegemea, akadondoka na kupiga ukelele ambao sijausikia tangu atoke wodini. Njia nzima bampa linakwangua matuta, yeye kafumba macho, kashika kishikio cha juu ya mlango. Tulipofika walimtoa watu wawili.

Nikamwambia mchumba kuwa Jumamosi nafunga springi zangu. Akanijibu, "Ukiigusa hiyo gari kabla ya harusi, ujue umenidharau mbele ya watu wangu, na mie n'tajua cha kufanya." Shangazi yangu naye akaja juu: "Hajakupiga, hujamfumania, kakata vyuma tu! Unataka kutuaibisha na mahari ya watu tumeshapokea?"

Vyuma tu. Nimechoka kusikia hilo neno. Alijua nilichokitaka, akaambiwa mara ya pili na fundi, akaamua kwamba kauli yangu haina uzito kwenye kitu changu mwenyewe. Na nyonga ya baba akaiona ndogo kuliko sifa za msafara wa siku moja.

Jana asubuhi nilimkuta baba getini ameshavaa, fimbo mkononi, bajaji inamsubiri. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Mazoezini. Nimeiita mwenyewe, mwanangu. Usigombane na mwenzio kwa ajili ya nyonga yangu."

Bajaji ikavuka mtaro, nikaona kichwa chake kinarushwa huku na huku mpaka ikakata kona. Nikarudi ndani nikalia.

Boksi la springi liko sebuleni, nimeliweka juu ya ile stuli ya baba. Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Nizifunge, na harusi kama ni ya kufa ife? Au ninyamaze mpaka msafara upite, halafu niende kuishi na mtu huyu? Nishaurini, ndugu zangu, kichwa changu kimegoma. Ila wewe utakayeniandikia kwamba hizo ni springi tu, kwanza njoo Segerea umkalishe baba yangu kwenye hicho kiti, halafu umwinue mwenyewe.